Ukizuiwa getini, usiharakishe kusaini vocha

Umefika Schiphol mapema, begi limeshapokelewa, tiketi yako ya Nairobi haina tatizo. Getini unaambiwa ndege imejaa. Kisha mhudumu anakupa vocha na pointi za ziada kwenye kadi yako ya uanachama: wewe ni mteja wetu wa siku nyingi, tuvumilie. Kwa uchovu, na kwa kuona haya kubishana mbele za watu, wengi husaini. Tafadhali, subiri kwanza.

Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inalitaka shirika litafute kwanza abiria walio tayari kubaki kwa hiari, kwa malipo watakayoelewana. Wasipotosha, ndipo linaweza kumwacha asiyetaka, na huyo alipwe papo hapo. Kwa safari ndefu kama hii ni yuro 600, au nusu yake ikiwa ndege mbadala itakuchelewesha kwa saa zisizozidi 4. Nauli ni jambo jingine: uchague kurudishiwa au kupandishwa ndege nyingine. Ukingoja, chakula ni juu yao, na hoteli pia ikibidi ulale.

Fidia hiyo ni fedha. Vocha inaweza kushika nafasi yake pale tu wewe mwenyewe umekubali kwa sahihi. Na kama ulisaini ukapokea pungufu kwa sababu hukuelezwa haki zako vizuri, Ibara ya 15 inakuruhusu kudai kilichobaki mahakamani. Lakini ukijitolea kubaki, umekubali bei yako. Zile yuro 600 huzidai tena.

Wengi hudhani tiketi iliyonunuliwa kwa pointi haina ulinzi. Inao, kanuni imeitaja waziwazi. Binafsi naona shirika linalokulipa stahiki yako bila kuzungushana ndilo la kurudia, lina kadi au halina.

Angalia pia unakotokea. Ukiondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, unalindwa kwenye shirika lolote. Ukitoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda huko, ni kwa mashirika ya Umoja huo tu. Aliyechelewa kuripoti au asiye na viza hahusiki.

Kabla hujaondoka dawatini, omba karatasi ya maelezo ya haki zako, wanalazimika kukupa. Itunze pamoja na pasi ya kupandia na risiti za chakula.