Je, Mwanasayansi Apimwe kwa Nambari?

Sisi wanafunzi tunaujua uchungu wa nambari. Matokeo yakibandikwa ukutani, wa kwanza hubebwa juu juu, na wa arubaini hujificha nyuma ya wenzake. Lakini je, wajua kwamba hata wanasayansi wakubwa huorodheshwa vivyo hivyo? Katika somo hili nitaeleza jinsi wanavyohesabiwa, kisha niseme kwa nini mimi naona hesabu hiyo haitoshi.

Mwanasayansi akimaliza utafiti wake huandika makala katika jarida. Mwingine akiitumia kazi hiyo, ni sharti ataje alikoitoa. Kutajwa huko ndiko kunakohesabiwa. Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha orodha kubwa ya namna hiyo katika miaka ya 1960. Baadaye, mwaka wa 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kiitwacho h. Hebu tukifanye kama hesabu ya darasani. Mtu ana makala 5, yaliyotajwa mara 10, 8, 5, 4 na 1. Makala 4 yametajwa mara 4 au zaidi, basi h yake ni 4. Ili apate 5, ni lazima kila moja ya yale 5 litajwe angalau mara 5. Si ngumu, ama?

Kipimo hiki kina faida yake. Anayeandika makala mia yasiyotajwa na yeyote haambulii kitu. Ndiyo maana vyuo vikuu vingi hukitazama vinapotaka kumpandisha mhadhiri cheo. Taabu ni kwamba taaluma hazilingani. Watafiti wa tiba ni wengi mno na hutajana sana kuliko wahandisi. Kwa hivyo 20 ya mhandisi si sawa na 20 ya daktari. Sasa yule aliyesimama katikati, mguu mmoja huku na mwingine kule, tumpime kwa mizani ipi?

Tumchukue Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1924. Alianza kusomea uhandisi wa umeme huko Cape Town, kisha akageukia fizikia. Mwaka wa 1956 alifanya kazi kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur. Aliona kwamba tiba ya mionzi ilipangwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, ilhali mfupa huzuia miale kuliko nyama. Akawaza: tukipitisha miale ya eksirei kutoka pande nyingi halafu tukapiga hesabu, si tutajua kilichomo ndani bila ya kupasua?

Alichapisha makala mawili, mwaka wa 1963 na 1964, katika jarida la fizikia. Weee! Karibu kimya kitupu. Madaktari hawakuwa wasomaji wa jarida hilo. Ombi la nakala lililomfurahisha zaidi lilitoka Uswisi, kwa watu wanaochunguza maporomoko ya theluji milimani!

Kumbe huko Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield, ambaye hakuwa na digrii ya chuo kikuu, alikuwa akiunda mashine ya wazo lilo hilo bila kujua habari za Cormack. Mwaka wa 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo mjini London. Mashine hiyo ndiyo ile ya CT, ambayo leo huonyesha damu iliyovuja kichwani baada ya ajali. Mwaka wa 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Makala mawili hayawezi kuleta h zaidi ya 2, hata yakitajwa na dunia nzima. Wahenga walisema chema chajiuza. Naam, lakini hiki kilikaa sokoni miaka mingi bila mnunuzi. Nambari hutuambia ni wangapi wamekwisha kuisikia kazi. Haituambii ni wangapi itakaowaponya kesho. Tuzihesabu, sikatai, lakini kabla ya kumtupa mtu mkiani, tuyasome kwanza aliyoyaandika.

Zoezi: Makala 5 yametajwa mara 9, 7, 3, 3 na 0. Tafuta h. (Jibu: 3)