SOMO: MVINYO MWEKUNDU WA DODOMA

Mzabibu hupenda jua jingi na mvua kidogo. Ndiyo maana umekubali Dodoma. Huko mkulima aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu inayojulikana sana huko huitwa Makutupora, kama mahali palipo kaskazini mwa mji.

Je, wekundu wa mvinyo unatoka wapi? Minya punje ya zabibu nyekundu. Mara nyingi maji yake si mekundu! Rangi iko kwenye ganda. Kwa hiyo zabibu hupondwa, na maganda huachwa ndani ya maji yake siku kadhaa. Sukari inachacha, inageuka kileo. Ganda linatoa rangi na ukakasi, kama ule wa chai ya rangi iliyokolea.

Sasa sikia, mkulima. Zabibu si ndizi. Ikishachumwa haiivi tena. Ukiharakia fedha ukachuma mapema, sukari haitoshi, na mvinyo utakuwa mwepesi na mchachu. Wanunuzi hupima sukari. Unaweza kurudi na mzigo wako.

Na chakula je? Ukakasi unapatana na mafuta. Mvinyo huu unafaa kwa nyama ya kuchoma, ya mbuzi au ng'ombe. Kwa samaki ladha huharibika. Usizidishe, na mama mjamzito asinywe kabisa.

MASWALI
1. Rangi ya mvinyo inatoka wapi?
2. Kwa nini tusichume zabibu mapema?