Shingo Iliyotikiswa Ajalini Haipinduliwi

Mwezi huu tujifunze juu ya maumivu ya shingo yanayofuata ajali. Kuanzia Mhunze na vijiji vya Kishapu hadi machimbo ya Geita, watu huanguka na pikipiki, hudondoka kutoka juu ya lori la pamba, au hugongwa kwa nyuma wakiwa ndani ya hiace. Majeruhi husimama, hujipangusa vumbi, hushukuru kwamba hakuna damu, huenda zake nyumbani. Kesho yake asubuhi hawezi kugeuza kichwa.

Kwa nini shingo huumia?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5, karibu robo ya ndoo kubwa ya maji. Mzigo huo hukaa juu ya pingili saba tu, zilizofungwa kwa kano na misuli. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti husukuma mgongo mbele, kichwa hubaki nyuma, halafu hurushwa mbele kama ncha ya mjeledi. Yote hayo huisha kabla ya nusu sekunde. Kano na misuli huvutika, nayo huvimba polepole. Ndiyo maana maumivu huchelewa saa kadhaa au hata siku moja. Pamoja na shingo, huuma kichwa upande wa kisogo na mabega, na wengine huona kizunguzungu.

Nani aiguse?

Hapa ndipo penye hatari, kwa maana nyumbani hakukosekani mshauri. Mmoja atasema aitwe mkandaji, mwingine atasema kinyozi wa sokoni ndiye hodari, hushika kidevu na kisogo akakizungusha ghafla mpaka shingo ialike "ka!". Watu husikia mlio ule wakadhani mfupa umerudi mahali pake. Sivyo. Ni mapovu ya hewa katika ute wa kiungo, kama vidole vinapoalikwa.

Ipo tiba ya kisomo inayofanana na hiyo, iitwayo kairopraktiki. Aliyeianzisha ni Daniel David Palmer, mjini Davenport nchini Marekani, mwaka 1895. Palmer alidai kwamba karibu kila ugonjwa hutokana na pingili zilizohama, dai ambalo sayansi haikulikubali. Lakini warithi wake wa leo husoma miaka kadhaa, na kwa baadhi ya maumivu ya shingo na kiuno mikono yao husaidia, hasa ikiambatana na mazoezi. Kwa shingo iliyoumia ajalini, ushahidi wa faida yake ni mdogo. Wataalamu hao ni wachache mno Afrika ya Mashariki, na mtu wa Mhunze hana sababu ya kuuza ng'ombe ili awafuate. Mazoezi na ushauri atavipata kwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza.

Hata huyo aliyesomea huanza kwa kuuliza na kupima. Mfupa uliopasuka ukizungushwa unaweza kukata uti wa mgongo. Vilevile mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo. Ikichanika, damu huganda na mtu hupata kiharusi. Jambo hilo ni nadra, lakini halina marekebisho. Na katika ukanda wetu wa machimbo, kifua kikuu kipo kwa wingi, nacho huweza kula pingili za mgongo bila kikohozi. Mchimbaji mwenye maumivu ya mgongo, homa za jioni na kukonda asikandwe kabisa, apimwe.

Lini aende hospitali upesi?

Aende siku hiyo hiyo akiwa na ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, akishindwa kuzuia mkojo, akiumwa hasa katikati ya mfupa wa shingo, au akishindwa kugeuza kichwa pande zote mbili. Mzee wa miaka 65 na zaidi, na yeyote aliyeanguka kutoka urefu unaopita mita moja, kwa mfano kwenye shimo la dhahabu, apigwe picha ya eksirei hata kama anatembea. Aliyelala chini baada ya ajali asiketishwe katikati ya watu wawili juu ya bodaboda! Mmoja ashike kichwa kisitikisike, wengine wamgeuze kama gogo na kumlaza juu ya mlango au ubao.

Aliyepimwa akaonekana hana mvunjiko hahitaji kulala kitandani wiki nzima, wala mkanda wa shingo wa siku nyingi, maana misuli hulegea. Ameze parasetamo kwa kipimo alichopewa, aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ageuze shingo taratibu mara kadhaa kwa siku hadi pale inapoanza kuuma, na arudie kazi zake nyepesi. Kina mama, ndoo na kuni zibebwe na wengine kwanza. Kichwani si mahali pake kwa sasa. Wengi hupona ndani ya miezi mitatu, ingawa wapo wanaosumbuka mwaka na zaidi. Ganzi ikianza baadaye, arudi zahanati mara moja, na aeleze tangu mwanzo kwamba alipata ajali, hata kama imepita wiki tatu.