Mpe Kitabu, Kisha Mwache
Kijitabu kwa walimu wa awali, kamati za shule na wazazi wa Mkoa wa Tabora

Tuanze na kabati. Katika shule nyingi vitabu vya hadithi vya darasa la awali vipo, ila vimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, vingali vipya, vinanukia wino. Hofu inaeleweka: kitabu cha shule ni mali ya umma, aliyekipokea ametia saini, na wathibiti ubora wakija wataviulizia. Lakini kitabu ambacho mtoto wa miaka mitano hajakishika hakijamfundisha kitu. Ombi letu la kwanza ni dogo: ufunguo wa kabati ukae kwa mwalimu wa awali.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu hapo madarasa yamefurika. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Walimu wa Uyui, Kaliua au Igunga wakisoma mstari huo hucheka, maana darasa la watoto mia moja si kitu cha ajabu kwao. Katika msongamano huo njia nyepesi ni kuitikia kwa pamoja: mwalimu anagonga ubao kwa fimbo, “ba, be, bi, bo, bu”, na darasa zima linapokea. Silabi zinafaa, na Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo zinafaa kuliko zinavyofaa katika lugha nyingine nyingi. Tatizo ni kwamba mtoto anaweza kuimba mwaka mzima bila kufunua ukurasa kwa mkono wake.

Kusoma kabla ya kujua herufi

Mpe mtoto kitabu cha picha umtazame. Atakigeuza juu chini, atakirudisha sawa, atafunua kurasa tatu kwa mpigo, kisha atasimama kwenye picha ya fisi na kuanza kunong’ona hadithi uliyowasomea Jumatatu. Maneno yake si yale yaliyoandikwa. Wazazi wengi, na hata walimu wengine, wakiona hivyo husema: “Huyu anacheza tu.”

Hachezi tu. Marie Clay, mtafiti wa New Zealand, aliwachunguza watoto wa umri huu kuanzia miaka ya 1960, akaonyesha kwamba kuna mengi ambayo mtoto hujifunza kuhusu maandishi kabla hajasoma neno: kitabu kina mbele na nyuma, tunasoma maandishi na siyo picha, mstari unatoka kushoto kwenda kulia, ukiisha unashuka chini. Mtoto ambaye kwao hakuna kitabu atayajua hayo wapi kama si darasani? Na atayajua kwa kushika, siyo kwa kuelezwa.

Jambo hili si geni Tabora. Tangu enzi za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mji huu umekuwa na vyuo vya Kurani, na chuoni kila mtoto yuko mahali pake: huyu alifu, yule juzuu amma, wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, na mwalimu anawasikiliza mmoja mmoja. Kelele zipo, ila kila mmoja anasoma cha kwake. Sisi hatupendekezi kukariri. Tunachoazima ni mpangilio ule: mtoto anakwenda kwa mwendo wake, na mwalimu ana sikio la kila mtoto walau mara moja kwa wiki.

Dakika tano za kila siku

Mwalimu, chagua saa moja isiyobadilika. Baada ya uji ni nzuri, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hasomi. Kwanza wasomee hadithi wewe, kitabu ukikigeuzia kwao. Hadithi hiyo hiyo isome siku kadhaa mfululizo. Wewe utachoka kabla yao. Kisha wape vitabu, kimoja kwa watoto wawili, ukae kimya.

Wiki ya kwanza dakika tatu zinatosha. Wakizoea, ongeza hadi tano, hata kumi. Usiwaulize maswali wakati huo, usisahihishe, usigonge meza. Kaa nawe mkekani ukiwa na kitabu chako, maana watoto hawa wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akisoma kwa raha zake. Mtoto akija kukuonyesha kitu, tazama, furahi naye, mrudishe kwenye kitabu.

Kama darasa ni kubwa, ligawe. Nusu wacheze nje na mwalimu msaidizi au mzazi wa zamu, nusu wabaki na vitabu, kisha wabadilishane. Hapa mkoani wengi wanaikumbuka programu ya utayari wa kuanza shule ya mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Tabora na mikoa mingine kati ya 2014 na 2020. Vijana wa kijijini waliopewa mafunzo mafupi walikaa na watoto waliokuwa hawajapata awali, wakawasimulia hadithi na kucheza nao. Mradi umekwisha, lakini vijana wa aina hiyo bado wapo vijijini, na kamati ya shule inaweza kuwaita.

Kitabu cha reli

Vitabu vikiwa haba, vitengenezwe. Chukua karatasi nne za manila, zikunje katikati, zitoboe kwa sindano ya gunia, zishone kwa uzi wa katani. Ukurasa wa kwanza andika TABORA, uchore stesheni. Unaofuata USOKE, halafu URAMBO, KALIUA, UVINZA, na mwisho KIGOMA na ziwa lake. Neno moja kila ukurasa, picha moja. Mtoto ambaye shangazi yake anauza karanga stesheni ataanza kuutambua ukurasa wa kwanza kabla hajaijua herufi T. Kwa watoto wa Kwihara, jirani na tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, chora msafara: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji.

Kitabu kingine kizuri ni cha majina ya watoto wenyewe, kila ukurasa na mwenyewe. Hicho kitagombaniwa, tengeneza viwili. Wanachuo wa ualimu wakija kwa mazoezi ya kufundisha, wape kazi hiyo. Hadithi za Kiswahili za kuchapisha bure zipo pia kwenye mtandao wa African Storybook, kwa shule yenye printa.

Vining’inize kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, chini, mahali mkono wa mtoto unapofika. Jioni viingie kwenye sanduku la bati, kwa sababu mchwa wa huku hawana subira.

Lugha ya nyumbani

Mtoto wa Sikonge anaweza kuingia awali akijua Kinyamwezi kitupu. Akiisimulia picha kwa Kinyamwezi, mwache. Hadithi anayo, mfuatano wa mambo anao, na Kiswahili kitakuja juu yake. Ukimkatiza, atanyamaza katika lugha zote mbili.

Mzazi naye asiseme, “Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?” Kitabu kikija nyumbani Ijumaa, mwambie mtoto: “Haya, nisomee.” Bibi asiyejua herufi anaweza kusikiliza vizuri kuliko wengi, na akaongeza kipande cha hadithi alichosahau mjukuu.

Mvua zikianza Novemba, familia nyingi huhamia mashambani kwenye tumbaku, na mahudhurio hushuka. Mwalimu, usisubiri warudi. Kabla hawajaondoka, mpe kila mtoto kitabu kimoja cha manila kwenye mfuko wa plastiki, andika jina lake kwenye daftari la kuazima, na waeleze wathibiti ubora mapema kwamba baadhi vitarudi vimechanika. Gundi ya ugali inatosha kuvitengeneza.