Kompyuta mpya inaganda kila saa? Soma hapa kabla hujamkabidhi fundi

Leo tunaacha kidogo mambo ya picha na matangazo, tunaingia kwenye mashine yenyewe.

Umejichanga miezi kadhaa, umenunua kompyuta ili oda zako zitoke kwenye simu zikae sehemu moja. Siku ya tatu inaganda. Mteja yuko WhatsApp anauliza, "Dada, ile namba 40 nyeusi ipo?" na mshale hausogei. Unaizima kwa nguvu, unaiwasha, nusu saa mbele yale yale. Kwa sisi tunaouza mtandaoni hiyo ni hela inayoondoka, maana mteja hasubiri. Anahamia ukurasa wa jirani.

Ushauri wa kwanza utakaopewa mtaani ni huu: "Mpelekee fundi apige Windows upya." Mimi nasema bado. Kupiga Windows upya kunafuta mafaili yako, kunafuta pia kumbukumbu za ndani zinazoonyesha kompyuta iliganda lini na kwa sababu gani, na fundi akifungua mfuniko akakata ile stika ya duka, waranti unaisikia kwenye bomba. Halafu kama tatizo ni RAM mbovu, Windows mpya nayo itaganda vilevile. Hela ya fundi imeshaenda.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni risiti. Itafute sasa hivi, usome waranti ni ya siku ngapi na inahusu nini. Wengine wanaandika mwaka 1, wengine wanaandika wiki 1 tu ya kubadilishiwa, baada ya hapo ni kutengenezewa. Kama umebakiwa na siku mbili za kubadilishiwa, usipoteze hizo siku ukijaribu dawa za YouTube. Boksi usitupe. Cha pili, hamisha vitu vya biashara leo leo: daftari la oda, majina ya wateja, picha za bidhaa. Weka kwenye flashi au Google Drive. Kompyuta inayoganda inaweza kuamka kesho, inaweza isiamke.

Sasa tuangalie inagandaje, maana kuganda si kumoja.

Ikiganda, bonyeza kitufe cha Caps Lock. Kama kibodi yako ina kataa kadogo ka Caps Lock, angalia kama kanawaka na kuzima unavyobonyeza. Kakiitikia, kompyuta bado iko hai, kilichokwama ni programu au kioo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, itafute programu iliyoandikwa Not Responding, uifunge hiyo peke yake. Kama kioo ndicho kimekwama lakini unasikia muziki unaendelea, jaribu kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitapepesa kidogo, hapo draiva ya picha imewashwa upya. Kikirudi sawa, umeshapata mshukiwa: ni draiva ya picha. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, shusha draiva ya modeli yako hasa. Usishushe zile programu zinazojitangaza kuwa zinarekebisha draiva zote kwa mpigo. Nyingi ni matangazo matupu na nyingine ni takataka za kuongeza tatizo.

Lakini kama taa ya Caps Lock haiitikii, mshale umekufa, sauti imekwama inalia "zzzz" kama nzi, hapo mashine nzima imesimama. Huna jinsi, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 hivi mpaka izime. Kuganda kwa aina hii mara nyingi kunatoka kwenye draiva, joto, umeme, RAM au diski. Siyo WhatsApp yako.

Chukua daftari. Kweli, daftari la karatasi. Kila ikiganda andika saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, chaja ilikuwa imechomekwa au la, na imekaa imewashwa muda gani. Ukishaandika mara 5 au 6 utaanza kuona mtindo. Inaganda kila baada ya dakika 40? Fikiria joto. Inaganda ukichomeka printa ya risiti? Chomoa printa, fanya kazi siku nzima bila hiyo. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukichomoa printa, ukabadilisha chaja, ukafuta antivirusi siku hiyo hiyo, ikapona, hutajua kilichoiponya ni kipi.

Windows yenyewe pia inaandika daftari lake. Andika neno reliability kwenye sehemu ya kutafutia, fungua View reliability history. Utaona chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu za X. Bonyeza siku yenye X uone programu gani iliangukia pale. Kama jina moja linajirudia, funguka macho. Ukikuta tu maneno kwamba Windows haikuzimwa vizuri, usishtuke, hiyo ni wewe uliposhikilia kitufe. Inakupa saa, haikupi sababu. Mafundi wengine wanakuonyesha alama ya Kernel-Power 41 wanasema "pawa saplai imekufa, lete hela". Alama hiyo inamaanisha kompyuta ilizimika bila utaratibu, basi. Haisemi kwa nini.

Tuje kwenye sababu nyepesi, ambazo ndizo za wengi.

Kompyuta mpya kabisa ikiunganishwa na intaneti kwa mara ya kwanza inashusha apdeti nyingi na kupanga mafaili yake kimyakimya. Saa za kwanza inaweza kuwa nzito kama gari la mkaa. Iache usiku mmoja imewashwa, chaja imechomekwa, kwenye bando la kutosha, imalize kazi yake, uiwashe upya asubuhi. Kama ilikuwa hiyo tu, umepona.

Isipopona, fungua Task Manager uangalie safu za Memory na Disk wakati unafanya kazi zako za kawaida. Windows 11 inakubali kuwekwa kwenye mashine yenye RAM ya 4GB na nafasi ya 64GB. Kukubali ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine. Ukiwa na 4GB halafu umefungua WhatsApp, Canva, kurasa 15 za Chrome na Instagram, Memory inafika asilimia 90 na kitu, kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, kila kitu kinasimama. Hiyo siyo ugonjwa, ni mzigo. Funga kurasa usizotumia, zuia programu zisijiwashe zenyewe kupitia sehemu ya Startup humo humo kwenye Task Manager, na ukipata hela ongeza RAM ifike 8GB. Kama ni ya mezani, au laptopu yenye nafasi ya kuongezea, ni kazi ya dakika chache. Ila laptopu nyingi nyembamba RAM yake imegandishwa kwenye bodi, haiongezeki, kwa hiyo uliza KABLA ya kununua. Angalia pia diski C isijae. Ikibaki na GB 2 au 3 tu, Windows inakosa pa kupumulia. Video za bidhaa hamishia kwingine.

Antivirusi nayo. Windows inakuja na ya kwake, Defender. Duka likikuwekea nyingine "ya bure" za aina mbili juu yake, zinagombana na kuilemea mashine. Bakiza moja. Na hapa niseme wazi: kama Windows au Photoshop uliyowekewa ni ya wizi, ile ya "tumeiactivate sisi wenyewe", usitegemee utulivu. Zile programu za kuvunjia leseni ndiyo njia mojawapo kubwa ya kuingiza virusi, na wewe kwenye mashine hiyo hiyo unafungua akaunti ya benki na ukurasa wa biashara. Ingia Settings, kisha System, kisha Activation, uone hali ilivyo.

Joto. Laptopu juu ya kitanda au mto inazibwa matundu ya chini. Ya mezani iliyosukumwa ndani ya kabati la TV inapumua hewa yake yenyewe. Kwetu Dar mwezi Januari, chumba chenye bati bila feni, mashine inaanza siku ikiwa tayari imechoka. Kichakataji kikipata joto kinajipunguza mwendo ili kisiungue, wewe unaona "inaganda". Kikizidi, kinazima kabisa. Shusha programu ya bure kama HWMonitor uangalie. Joto likikaa nyuzi 95 na zaidi kwenye kazi ndogo kama kujibu meseji, kuna shida ya feni au ubaridi, na kwa kompyuta mpya hiyo ni kesi ya waranti, siyo ya kwako kufungua. Jaribio la bure: iweke juu ya meza ngumu, inue nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa, elekeza feni ya nyumbani. Kama kuganda kumepungua ghafla, jibu unalo.

Umeme nao una mambo yake. Tanzania kiwango ni volti 230, Kenya ni 240, lakini kinachofika kwenye soketi yako saa 2 usiku majirani wote wakiwasha pasi na jiko ni habari nyingine. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa 100–240V, zinavumilia. Tazama kwenye yako. Mwenye ya mezani ndiye anapata tabu zaidi, hasa zile za kuunganisha zilizowekewa pawa saplai ya bei rahisi. Kama inaganda wakati wa taa kufifia, jaribu siku mbili kwenye nyumba nyingine, au kupitia UPS nzuri, na acha kuichomeka kwenye ekstensheni moja na friji. Kwa laptopu, chomoa chaja ufanye kazi kwa betri. Isipoganda kwa betri lakini inaganda kwenye chaji, azima chaja nyingine yenye volti na wati zilezile ujaribu. Usikimbilie kuhukumu chaja, maana kwa betri kompyuta nyingi zinapunguza mwendo na joto linashuka pia. Linganisha na daftari lako.

Yote hayo yakishindikana, pima RAM. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, chagua kuwasha upya. Itajipima yenyewe kabla Windows haijafunguka, itachukua dakika kadhaa hadi saa, na majibu yatakuja ukishaingia. Ikionyesha kosa hata moja, acha kila kitu. Piga picha kioo. RAM yenye kosa haitibiwi kwa apdeti. Ikionyesha safi bado siyo hati ya usafi wa asilimia mia, lakini inapunguza mashaka.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: mwombe mtu anayejua akuwekee Ubuntu kwenye flashi, uiwashe kompyuta kupitia flashi hiyo bila kugusa diski yako, uitumie saa mbili kuangalia video. Ikiganda na humo, Windows haina kesi, vifaa ndivyo vibovu. Isipoganda kabisa, basi kupiga Windows upya sasa kuna maana, na unaweza kuanza na Reset iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ukichagua Keep my files.

Na swali moja ambalo wengi hawataki kujiuliza: ni mpya kweli? Kuna laptopu za mtumba zinasafishwa, zinafungwa nailoni, zinauzwa kama mpya. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakuambia imehifadhi ripoti wapi. Ifungue, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity, na uangalie Cycle Count kama ipo. Betri mpya inakuwa na namba mbili zinazokaribiana na mizunguko michache. Ukikuta mizunguko 400, hiyo mashine ina wajukuu. Mtumba si dhambi, nyingi ni imara kuliko mpya za bei chee, ila ulipie bei ya mtumba.

Ukiamua kurudi dukani, usiende na maneno "inasumbua". Rekodi video kwa simu ikiwa imeganda, uonyeshe kioo na taa ya Caps Lock isiyoitikia. Halafu tuma meseji kwanza, ili kuwe na maandishi. Nakili hii, ubadilishe tarehe na namba:

"Habari za leo. Nilinunua kompyuta hapo tarehe 3, risiti namba 118. Imeganda mara 7 kwa siku 5, saa na siku nimeziandika. Nimeipima RAM, nimeijaribu kwenye umeme wa sehemu nyingine na bila kifaa chochote kilichochomekwa, bado inaganda. Sijaifungua, stika iko nzima, boksi ninalo. Video nimeambatisha. Naomba kubadilishiwa kwa mujibu wa waranti yenu. Naweza kuileta kesho saa 4 asubuhi, nimwone nani?"

Kabla hujaipeleka toka kwenye akaunti zako zote, WhatsApp, Google na ukurasa wa biashara, na ukifika usiiache bila karatasi ya kuipokea yenye sahihi na namba ya mashine.