Vitabu ni Amana: Somo Kutoka Timbuktu



Mji wa Timbuktu, nchini Mali, ulisifika kwa elimu ya Kiislamu karne nyingi zilizopita. Miswada ya fiqhi, falaki na tiba ilitunzwa majumbani, baba akimrithisha mwanawe.

Mwaka 2012 vikundi vyenye silaha viliuteka mji huo. Abdel Kader Haidara, msimamizi wa maktaba ya ukoo wake, hakungoja. Yeye na wenzake waliitia miswada katika masanduku ya bati, wakaificha majumbani, kisha wakaisafirisha kwa siri hadi Bamako, kwa magari na mashua. Januari 2013, wapiganaji walipokuwa wakikimbia, maelfu ya miswada ya Taasisi ya Ahmed Baba iliteketezwa au kupotea. Mingi zaidi ilikuwa imekwisha kuokolewa.

Lakini kazi haikuishia hapo. Timbuktu ni kukavu. Bamako kuna unyevu, nao ni adui wa karatasi. Ikabidi miswada isafishwe, iorodheshwe na kutiwa makashani. Agosti 2025 Mali ilianza kuirudisha Timbuktu.

Tunajifunza kwamba kiongozi wa maktaba huandaa watu na utaratibu kabla ya balaa. Basi tujiulize: kabati la vitabu vya madrasa yetu lina daftari? Nani hukagua mchwa na paa linalovuja? Akiondoka, nani atashika ufunguo?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza amana hii. Amin.