Kumlalamikia Hakimu Wilayani Mbinga na Nyasa: Nini Kipelekwe Kamati ya Maadili, Nini Kiende Rufaa

Umeshindwa kesi ya deni la kahawa katika mahakama ya mwanzo, na una hakika hakimu alimpendelea mwenzako. Wengi, kuanzia vilima vya Umatengo hadi mwambao wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, humkimbilia Mkuu wa Wilaya. Hawajapotea njia, maana yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Maafisa Mahakama ya Wilaya. Tatizo ni pale wanapomwomba atengue hukumu. Hana uwezo huo, na wakimsubiri, siku za rufaa zinakwisha.

Rufaa na lalamiko ni vitu viwili

Rufaa inahusu hukumu. Ukiona hakimu alipima ushahidi vibaya au alikosea sheria, kata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30 tangu hukumu itolewe. Usiporidhika huko, nenda Mahakama Kuu, Songea, nako ndani ya siku 30.

Lalamiko la maadili linahusu mwenendo wa hakimu: kudai rushwa, kutukana wadaawa, kuja kazini amelewa, kukutana faraghani na upande mmoja wa kesi, au kuahirisha shauri mara kwa mara bila sababu. Kamati hizi zinatokana na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama Na. 4 ya 2011. Ya wilaya inashughulikia mahakimu wa mahakama za mwanzo. Ya mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, inashughulikia mahakimu wa ngazi ya juu yao. Zote mbili haziruhusiwi kugusa hukumu, kwani ibara ya 107B ya Katiba inalinda uhuru wa mahakama.

Kama una sababu za rufaa na za lalamiko, fuata njia zote mbili kwa pamoja. Kupeleka lalamiko hakusimamishi hesabu ya siku 30.

Andika hivi

Lalamiko liwe la maandishi, kwa Kiswahili cha kawaida. Weka jina lako, kijiji, namba ya simu na sahihi. Jina la hakimu na mahakama yake. Namba ya shauri. Kisha tukio lenyewe.

Usiandike: "Hakimu huyu ni mla rushwa, kila mtu anajua." Kamati haina cha kuchunguza hapo. Andika: "Tarehe 4 Machi, saa mbili asubuhi, kabla kesi yangu haijaitwa, nilimwona hakimu akizungumza na mdaiwa nyuma ya jengo la mahakama. Jirani yangu tuliyefuatana naye aliona pia." Hapo kuna siku, saa, mahali na shahidi.

Ambatisha nakala za wito, risiti na ujumbe wa simu, lakini usitoe nakala halisi. Peleka ofisi ya Mkuu wa Wilaya na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wilaya ya Nyasa sasa inajitegemea, hivyo lalamiko dhidi ya hakimu wa mahakama ya mwanzo iliyoko Nyasa linapelekwa Mbamba Bay, si Mbinga mjini.

Taja pia wakati mashahidi wanapopatikana. Mvuvi wa dagaa anayetumia taa, kwa mfano, hupumzika siku za mbalamwezi.

Siku ya kusikilizwa

Hakimu unayemlalamikia ana haki ya kujua tuhuma na kuzijibu. Haki ya kusikilizwa imo katika ibara ya 13(6) ya Katiba. Usishangae wala usikasirike akipewa nafasi ya kujieleza. Sema ulichokiona na kukisikia mwenyewe. Ya shahidi mwachie shahidi. Usianze upya kesi ya deni, kwa sababu Kamati haikukutana kuamua nani anamdai nani.

Baada ya uchunguzi, mapendekezo hufikishwa Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Adhabu kwa hakimu hutoka huko, si kwa Mkuu wa Wilaya.

Wapi kwingine?

Ukiombwa rushwa, usingoje kikao cha Kamati. Piga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo, kabla fedha haijatolewa. Kama tatizo ni karani aliyekalia jalada au nakala ya hukumu, muone kwanza hakimu mfawidhi.

Hata kama hakimu ataadhibiwa, hukumu aliyoitoa inaendelea kuwa na nguvu mpaka mahakama ya juu iitengue. Kwa hiyo siku ya hukumu, kabla hujaondoka mahakamani, omba nakala na uandike tarehe ya mwisho ya rufaa. Hilo likishatimia, ndipo ukae uandike lalamiko.